Ufunguo Kwenye Mkono wa Roboti

Mkono wa roboti uliviacha vizibo vya soda, ukaushika ufunguo wa mlango.

Kavinya alicheka. Mchezo aliouunda ulikuwa rahisi: mtu popote duniani anauongoza mkono kupitia mtandao, anaokota vizibo, anavitia kikombeni. Ufunguo aliusahau mezani alipojifungia ndani afanye kazi.

Akamwandikia mchezaji kwa Kiingereza: "Huo si wa mchezo. Rudisha, tafadhali."

Jibu likaja kwa Kiswahili.

"Najua."

Wachezaji wake wote walikuwa wa ng'ambo. Hakuwahi kumwambia yeyote kwamba yuko Voi.

Vidole viwili, alivyovivika mpira wa tyubu ya baiskeli ili visiteleze, viliubana ufunguo barabara. Mkono ukageuka polepole kuelekea dirisha lililoachwa wazi kwa sababu ya joto. Ukapenya kati ya nondo, ukatulia hapo.

"We nani?" Kavinya akauliza kwa sauti, kana kwamba mashine ingejibu.

Akachomoa waya wa umeme. Mkono ukaishiwa nguvu, vidole vikalegea, ufunguo ukaponyoka.

Akatega sikio ausikie ukigonga saruji huko nje.

Haukugonga.