Mnunuzi wa Dirishani

Saveta, mama wa watoto tisa wote wazima wa afya, alipita mbele ya dirisha, na Ilinca akamwacha aende zake.

Mama mkwe wake, Anghelina, akajipiga paja. "We Ilinca, una akili kweli? Utampata nani mwenye bahati kumshinda Saveta?"

"Si huyo, mama."

Kitandani Toader, mtoto wa Ilinca wa miezi saba, alikuwa akiungua kwa homa siku ya tatu. Daktari alikuja, akaacha dawa, akaondoka akitikisa kichwa. Lililobaki ni lile la kijijini: kumuuza mtoto dirishani. Mwanamke mwingine humpokea kwa nje, hutoa sarafu, humpa jina jipya, hutamka mara tatu kwamba ni wake, kisha humrudisha kwa mlangoni alelewe kwa niaba yake. Mauti akija na jina la zamani, hamkuti mtu. Kwao Mauti ni mwanamke, hata katika lugha yao, nao humtaja kama mtu anavyomtaja jirani asiyepatana naye.

"Yule bibi hatazami sura," Anghelina alisema. "Anasoma jina tu. Ndiyo maana tunamweza."

"Mtoto wa Vasilca si aliuzwa? Agosti akapewa jina jipya. Oktoba yule bibi akarudi, analo hilohilo jipya."

Anghelina akageuka kuchungulia njia.

Akapita mke wa mwalimu, mnene, mcheshi, hajawahi kuzika mtoto. Ilinca akamwacha huyo pia apite.

"Unamuua mjukuu wangu kwa kuchaguachagua," Anghelina akasema, machozi yakimlenga. "Hapa tunauza mtoto, wewe kama unachagua kitambaa cha gauni."

Ilikuwa wiki ya kukata majani, na tangu asubuhi wanawake walikuwa wakipita na mafyekeo begani, makundi kwa makundi. Jua lilipokaribia utosini akaja mmoja peke yake, mwembamba, kajitanda kitambaa cheusi, miguu imejaa vumbi. Ilinca akainuka.

"Dada, ninauza mtoto. Utamnunua?"

Mwanamke akageuka kutazama nyuma yake. "Unaniambia mimi?"

"Wewe."

"Huku wakiniona hufunga madirisha, mwanangu."

"Langu liko wazi."

Mwanamke akaegemeza fyekeo lake ukutani, akafuta mikono kwenye sketi, akafuta tena. Alimpokea mtoto vibaya, kama mtu aliyepewa beseni la maji lililojaa hadi ukingoni. Toader akaguna, akamkamata kidole, akang'ang'ania.

"Ananguruma kama dubu huyu," mwanamke akasema, na kumbe alijua kucheka. "Basi aitwe Ursu. Dubu wangu."

Akatoa sarafu moja, kongwe kiasi kwamba picha yake ilikuwa imefutika. Akatamka: "Ni wangu, na hakuna atakayemchukua." Akatamka tena. Mara ya tatu sauti ilimkatika, ikambidi aanze upya.

Akazunguka nyumba, akamrudisha mtoto mlangoni. Anghelina akamgusa paji la uso mjukuu wake. Lilikuwa limepoa, lina jasho jepesi. Akapiga ishara ya msalaba.

"Mleeni vizuri," mgeni akasema. "Nitakuwa napita kumwona. Kazi yangu ni ya kutembea tu, sikuwahi kupata wa kwangu." Akajifuta macho kwa ncha ya kitambaa, akachomoa karatasi kifuani. "Haya, tusipoteze siku. Nielekezeni kwa Toader wa Ilinca. Nimeagizwa nimchukue kabla ya adhuhuri."

Anghelina akakaa chini pale pale kizingitini.

Ilinca akamhamishia mtoto bega la pili. "Karibu ndani, mama Ursu," akasema. "Nimekungoja wewe tangu alfajiri."