Nipe Mji

Tangu wageni wa theluji waanze kumiminika mlimani, nyumba za mtaa wa juu ziligeuzwa za kulaza watalii, na wenyewe wakahamia bondeni. Ilibaki ya Bi Ndeshi. Asubuhi moja Eliforo, dalali aliyezaliwa nyumba ya pili, aliingia na kibao cha INAUZWA na nyundo.

"Shikamoo bibi. Wanao wamekubali. Imebaki sahihi yako tu."

"Marahaba. Keti kwanza. Kitendawili."

Eliforo akacheka. "Tega."

"Auzwa kila kukicha, wala hahami kwake."

Akataja barabara, akataja kanisa, akashindwa.

"Nipe mji," alisema Bi Ndeshi.

"Nimekupa wa bandarini."

"Siutaki, una joto."

"Haya, wa bondeni."

"Huko ndiko ulikowapeleka majirani zangu. Nipe huu, uanzie mlango huu."

"Bibi, huu si mchezo tu?"

"Ulipokuwa mdogo ulishindwa papa hapa, ukalia, lakini mji ukatoa."

Eliforo akainama. "Chukua."

"Ni mlima."

Bi Ndeshi akakitwaa kibao, akakigeuza, akaanza kukatia vitunguu juu yake. Eliforo alibaki na nyundo mkononi, akiitazama theluji dirishani.