Bandama la Bi Harusi

Ma Pulkeria alipiga marufuku kuchekesha watu nyumbani kwake. Binamu mmoja alijisahau, akaiga jinsi katekista anavyopiga chafya katikati ya sala. Alifukuzwa kwa upawa mpaka uani, na ndizi hakuzila.

Sababu ilikuwa Ainomugisha, mkwe wake mpya. Alikuwa ameolewa juzi juzi tu kutoka Murongo, akaletwa Mabira kwa Kakuru, mtoto pekee wa Ma Pulkeria. Kwa desturi bi harusi hukaa ndani kwanza. Anakula, anapumzika, hashiki jembe mpaka siku ya kutolewa nje. Huyu hata hakuufaidi ugeni wake. Homa ilimpanda, koo likavimba, tezi za shingo zikajaa, mate yenyewe akawa anayameza kwa machozi.

Hospitalini daktari alimbonyeza ubavu wa kushoto, akasema hii si malaria. Ni virusi, na vijana huambukizana kwa mate, kwa hiyo ingefaa...

"Hayo ya mate waachie wenyewe, daktari," Ma Pulkeria akamkatiza, kanga usoni. Mama mkwe gani huyo anayekaa kusikiliza mambo ya chumbani kwa mwanawe? "Sisi tuambie la kufanya asife, basi."

Daktari akatabasamu, akayaruka. Alisema bandama limevimba. Likigongwa, au mgonjwa akinyanyua kitu kizito, linaweza kupasuka, na likipasuka damu inamwagikia tumboni. Asibebe chochote mpaka arudi kupimwa tena.

Kakuru alikuwa kwenye dirisha la dawa. Alipotoka mama yake akamweleza yote, yaani yale aliyokubali kuyasikia.

Basi nyumba nzima ikawa inalilinda bandama. Kucheka sana, hapana. Kuinama kufagia, hapana. Hata mbuzi walihamishiwa kwa jirani, wasije wakampiga kichwa. "Watu wa Murongo wamenipa binti mzima," alikuwa akisema Ma Pulkeria. "Niwarudishie jeneza? Nitawatazama kwa macho gani?" Mama wa watu alikonda kwa hofu, na aliyemwona hakumcheka.

Kazi zote zikamwangukia Kakuru. Maji, Kakuru. Kuni, Kakuru. Mikungu ya ndizi kutoka kibanjani, Kakuru. Wanaume wa kijiji walimzomea njiani, dume zima na ndoo kichwani, naye akawajibu kuwa wao wana wivu kwa sababu wake zao hawawapendi. Alimpenda yule binti, jamani. Walikula sahani moja kama maharusi wanavyotakiwa. Ainomugisha alipokataa kunywa kwa maumivu ya koo, Kakuru alitangulia kuvuta juisi ya ndizi kwa mrija, kisha akamwekea mdomoni mrija ule ule. "Vuta kidogo, mke wangu. Haichomi, nimeionja."

Taratibu binti akapata nafuu. Uso ukarudi, sauti ikarudi. Sasa Kakuru ndiye aliyeanza kuchoka. Asubuhi kuamka ni vita, na akikaa anasinzia.

"Uchovu wa bwana harusi huo!" binamu zake wakamtania, naye akacheka pamoja nao.

Siku moja aliposema shingo na koo vinamuuma, mama yake alimkata jicho. "Ni hizo ndoo. Mwanaume mzima unalia shingo, na mwenzio ana bandama?"

Akachukua ndoo. Hakulalamika tena.

Siku ya kurudi hospitali, Ma Pulkeria alikunja blanketi akaliweka juu ya kiti cha bodaboda. "Athanasi," akamwambia dereva, "ukimrusha kwenye shimo, mimi na wewe hatutazikana." Kakuru alimshika mkewe mkono akampandisha. Akamwambia atakata mkungu mkubwa kuliko yote, maana wakwe zake wanakuja na leo akipona atatolewa nje.

Njiani ng'ombe walikatiza ghafla. Athanasi alikamata breki, pikipiki ikayumba, Ainomugisha akajigonga mgongoni mwa dereva. Akashika ubavu. Wote wawili wakasubiri maumivu, Athanasi jasho linamtoka. Hayakuja.

Daktari alimbonyeza, akambonyeza tena. "Limerudi mahali pake," akasema. "Nenda kalime, mama."

Ainomugisha alilia pale pale kwa furaha. Akampigia Kakuru. Simu iliita mpaka ikakatika. Atakuwa kibanjani, akajisemea, simu kaiacha ndani kama kawaida yake.

Walipokaribia nyumbani aliona watu wamejaa uani. Vijana walikuwa wanakata migomba iliyo karibu na nyumba ili kupata nafasi, na wanawake wanatandaza nyasi. Wazazi wake wa Murongo walikuwa wameshafika. Loo, sherehe yenyewe ndiyo hii! Akashuka kabla pikipiki haijasimama vizuri.

Ma Pulkeria alikuja kumpokea bila viatu.

"Umepona?"

"Nimepona, mama! Daktari amesema hata jembe nishike!"

Ma Pulkeria akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, kisha akakaa chini pale pale njiani.

"Mkungu ulimteleza begani, ukampiga ubavuni," akasema. "Akasema bega linamuuma, acha ajilaze kidogo chini ya mgomba. Tumemwita mganga wa zahanati, amemkuta ameshakwisha, tumbo limejaa damu. Anatuuliza, mwanangu, kwa nini hatukumpima na yeye."