Jiko la Muhannad

Mbuzi alikuwa ameshachinjwa Vingunguti ndipo Mzee Muhdhar alipogundua kwamba mkewe anaandaa karamu ya jiko la kwenye kompyuta.

"Mtoto kasema kapata jiko," alisema Bi Zubeida, akichambua mchele huku akiimba. "Nilivyomwombea! Nimeshawaita ami zake wote, na wifi Mwamvita."

Mzee Muhdhar alishika kichwa. Ni kweli, mwanamume akipata mchumba husemwa kapata jiko. Lakini Muhannad wao alikuwa anatengeneza programu ya kuonyesha mkaa unavyowaka, gesi gani inakutana na hewa kiasi gani, moshi unazaliwa wapi, ili jiko lisilo na moshi lipatikane kabla bati halijakatwa. Tangu Ramadhani yeye na mwenzake wa ofisini, Huda, walikuwa wakiliwasha jiko hilo kwenye kompyuta, nalo likizimika. Mzee mwenyewe ana duka la majiko Tabata, na kila jioni alikuwa akiuliza limefikia wapi.

"Zubeida, hilo ni jiko la mkaa. Lile la kompyuta."

"Jiko la mkaa linakubali?" Bi Zubeida akabonyeza simu. Sauti ya Muhannad ikatoka, bodaboda zikinguruma nyuma yake: "Mama, nimepata jiko! Amekubali! Mengine nikija."

"Hao watu wa kompyuta kila kitu kwao kinakubali. Simu imekubali, chaji imekubali."

"Kasema amekubali. Hakusema limekubali."

"Vijana wa siku hizi ngeli wanazijulia wapi, mama Muhannad?"

Mkewe akaendelea na mchele wake. Mzee alimwonea huruma kweli. Mwamvita ni dada yake wa damu, anamjua. Mwaka ule Zubeida alipotia chumvi badala ya sukari kwenye visheti vya Idi, habari zilifika mpaka Ukonga. Sasa itasemwa kamwozesha mwanawe jiko la bati.

Alasiri ami wakaingia na kanzu zilizopigwa pasi. Harufu ya pilau ilienea mtaa mzima. Mwamvita alipiga vigelegele hata viatu hajavua.

Mzee Muhdhar alijibanza getini. Muhannad alipotokea tu, akamvuta pembeni.

"Mwanangu, usimwaibishe mama yako. Ingia, ule, ucheke. Hilo jiko la kompyuta tutawaeleza polepole. Aibu nitaibeba mie."

Muhannad alichungulia ndani. Akawaona ami zake wamejipanga mkekani, akamwona mama yake anacheka na sinia mkononi, machozi yakamlenga.

"La kompyuta?" alisema. "Lile bado linazimika, baba. Kwa kina Huda tunakwenda lini?"