Jani la Gimbi

Baba yake Siwatu alikuwa anakata roho. Shangazi akakinga maji kwenye jani la gimbi, akamkabidhi Siwatu. Kwao, aliyekosewa hupiga funda moja, akampulizia mgonjwa kifuani, ili afe amesamehewa.

"Mpulizie, mwanangu. Ni baba yako."

Siwatu aliliinamisha jani. Maji yakajiviringa kama shanga, yakateleza, yakamwagika yote sakafuni.

"Siwatu!"

"Siku alipomfukuza mama, Shangazi, nilimlilia nimemkumbatia miguu. Machozi yangu yalimteleza hivihivi."

Alilipapasa jani. Lilikuwa kavu, kana kwamba halijapata kuguswa na maji. Akalilaza kifuani pa baba yake, akasimama kulitazama likipanda, likishuka, likipanda.