Hodi ya Tatu

Sheria ni hiyo: intaneti haiingii nyumbani mpaka mama wa nyumba aikaribishe kwa sauti yake mwenyewe. Ikipiga hodi mara tatu bila kujibiwa, inakwenda zake.

Mume wangu, Shaweji, aliinamia kisanduku kinachounganisha nyaya za vyumba vyote, akachomeka waya wa nje.

"Mwanakheri, itikia tu. Mtaa mzima umeshaunganishwa."

"Nyaya hizi zimesikia kila tulichogombania humu ndani. Leo niwafungulie watu wa nje? Thubutu!"

"Hodi," ikasema sauti ya upole ukutani.

Nikafumba mdomo. Nikaanza kukunja nguo ambazo nilikwisha kuzikunja.

"Hodi."

Nikazikunjua, nikazikunja tena.

"Hodi wenyewe?"

Nikabana pumzi, nikingoja iondoke. Sauti yangu mwenyewe ikaitikia kutoka jikoni, kwa uchangamfu uleule ninaowapokelea mawifi zangu: "Karibu! Karibu ndani!"

Jikoni hakukuwa na mtu. Kulikuwa na spika tu, iliyonisikia nikikaribisha wageni miaka yote.

"Ahsante, mke wangu," alisema Shaweji bila kugeuka.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake, mdomo bado nimeufumba.