Mlango wa Pili

Mwalimu wa hesabu alikuwa amebadilisha mwenyewe mpira wa petroli ili injini ya gari lake ipate nguvu zaidi. Sasa, akipanga spana, alikiona kibano cha kuukaza mpira ule kikiwa bado mezani. Binti yake alikuwa ameshaondoka na gari, anampeleka bibi yake kliniki.

Akampigia.

"Baba, leo gari linapaa," binti alisema. "Ila linanuka petroli."

"Zima injini, mama. Shuka, umshushe na bibi yako."

"Bibi amesinzia huko nyuma."

"Mwamshe. Sasa hivi."

Injini ikanyamaza. Alisikia mlango mmoja ukifunguliwa, kisha miguu ikikimbia. Akaibana simu sikioni, akiusubiri mlango wa pili.